Samaki wa Kwanza

Karai lilirudi linang'aa, na hapo hapo Zipora alipaswa kushtuka. Karai la kukaangia samaki, la miaka kumi na nne, jeusi ndani na nje, linaondoka Jumamosi na masizi yake, linarudi Jumapili jioni unaweza kujitazama uso ndani yake. Nani anasugua chombo cha kuazima kiasi hicho bila sababu? Lakini Zipora alikuwa na samaki sitini wa kupara, na mwenye samaki sitini hana muda wa kuchunguza karai. Alisema tu moyoni kwamba safari hii shemeji yake Castory amempa heshima, akaliweka jikoni, akaendelea na kisu chake.

Mgahawa wake uko Mtera, kando ya barabara ya Dodoma kwenda Iringa, pale ambapo ukisimama mlangoni unaliona bwawa lote na ile miti mikavu iliyosimama majini tangu walipoziba mto. Hauna kibao. Watu husema tu, twende kwa Mama Tumsifu. Tumsifu ni binti yake, msichana wa miaka ishirini, ndiye anayepeleka sahani mezani. Mume, Methusela, ana mtumbwi wake na ndiye anayechagua samaki mwaloni, mitumbwi inapofika alfajiri. Zipora anakaanga. Anakaanga perege mpaka mkia unakatika kama bisi, na nyama ya ndani bado ina maji yake, na hakuna dereva wa lori kati ya Dodoma na Iringa asiyemjua.

Lakini ukitaka kumjua Zipora, ulizia habari ya benchi.

Alipofungua, wateja wake walikuwa Wagogo wenzake tu, watu wa kanisani. Madereva Waislamu walikuwa wakisimama, wanaagiza soda na mkate, wanakula wamesimama, wanaondoka. Hakuna aliyemtukana. Waliiona kalenda ya kanisa ukutani, wakajua mama huyu ni Mkristo, na mafuta ya Mkristo hujui jana yalikaanga nini. Basi akaja Uwesu. Uwesu alikuwa Mrangi wa Kondoa, mnunuzi wa samaki pale mwaloni, mtu wa maneno machache na kofia safi. Aliingia moja kwa moja jikoni, akaangalia karai, akauliza, "Mama Tumsifu, humu kitimoto hupita?"

"Haijapita," alisema Zipora.

"Haitapita?"

"Haitapita."

Uwesu alibeba benchi mwenyewe, akaliweka barazani likitazama barabara, akaagiza samaki mzima, akamla taratibu huku akimsalimia kila apitaye. Wiki ile ile malori yakaanza kusimama. Tangu hapo ikawa desturi ya nyumba: Uwesu akiwepo Mtera, samaki wa kwanza kutoka kwenye mafuta ni wake, na anamla pale pale kwenye benchi, mbele za watu. Miaka kumi na nne hakuuliza tena lile swali. Na Zipora hakulisahau hata siku moja. Methusela anaipenda nyama hiyo ya nguruwe kuliko mkewe, Zipora mwenyewe husema hivyo, lakini akiitamani anaenda kuila huko huko inakouzwa, ananawa, ndipo anarudi.

Sasa Uwesu amefariki, leo Jumatatu ni siku ya arobaini. Mjane wake, Sikudhani, yuko eda, hatoki nje ya uzio wake. Ndugu wanakuja na basi dogo kutoka Kondoa kwa ajili ya dua, wafike baada ya adhuhuri. Dada mkubwa wa marehemu, Bi Munira, alitangulia siku mbili kabla, akatangaza kwamba chakula cha marehemu kitapikwa nyumbani na mikono ya watu wao. Sikudhani, ambaye kwa kawaida hambishii wifi yake hata kwa macho, safari hii alikataa. Alisema marehemu alikula kwa Mama Tumsifu miaka yote na wageni wake watakula kwa Mama Tumsifu. Aliweka uso wake rehani kwa ajili ya Zipora, na Zipora alilijua hilo, ndiyo maana aliamka saa kumi alfajiri na kumimina mafuta mapya, dumu zima.

Saa tatu asubuhi samaki wa kwanza alitoka. Zipora alimtazama, macho yakamjaa machozi, akamweka kwenye sahani nzuri, akaifunika kwa kawa. "Mpelekee Sikudhani," alimwambia Tumsifu. "Mwambie huyu ndiye wa kwanza."

Saa nne, wa sitini naye alitoka.

Hapo ndipo Castory alipofika kwenye bodaboda, ameshika mwiko wa matundu mkononi. Castory ni mdogo wake Methusela, anakaa kijiji cha jirani, na Jumapili mtoto wake alikuwa amepata kipaimara. Kwa ajili hiyo ndiyo karai liliazimwa. Nani anunue karai la ukubwa ule kwa sherehe ya siku moja?

"Mbukwa, shemeji," alisalimia kwa Kigogo akicheka. "Mwiko wenu ulibaki. Karai lenu lina baraka bwana. Nguruwe wawili, jioni hatukuwa na hata mfupa wa mbwa. Muulize kaka, aliongeza mara tatu."

Zipora alibaki ameshika kitambaa. Alilitazama karai, ule mng'ao, akaelewa kwa nini limesuguliwa. Jumamosi, Castory alipokuja kuazima karai, swali lilikuwa mdomoni mwa Zipora. Mtapika nini? Hayafiki hata maneno matatu. Lakini kwao, ndugu akija kuazima chombo cha sherehe humwulizi anapika nini. Ukiuliza umeonyesha unamnyima. Akalimeza. Alidhani mumewe atawapa karai la nyumbani, lile la zamani, akaenda kuhudumia mezani, na liliporudi hili la mgahawa lile swali akalimeza tena.

"Castory," alisema polepole, "hili la mgahawa nani alikupa?"

"Kaka. Lile la nyumbani si limetoboka?"

Methusela alikuwa nyuma ya jiko anapasua kuni. Shoka lilinyamaza. Castory si mjinga. Aliona uso wa shemeji yake, akaona beseni limejaa samaki, akaweka mwiko juu ya meza taratibu, akapanda bodaboda yake bila hata kuaga.

"Ulikuwepo," Zipora alimwambia mumewe.

"Nilikuwepo."

"Uliona kinachopikwa."

"Niliona, na nilisimamia lioshwe. Castory kalisugua kwa waya na mchanga mpaka mikono imemtoka malengelenge. Halina hata harufu, Zipora. Ulinusa harufu, wewe?"

"Na asubuhi ulikaa hapo na chai yako ukaniangalia namimina mafuta."

Si mtu mbaya, Methusela. Ni mtu ambaye akiona jambo gumu linakuja, anageuza uso akitumaini litapita upande wa pili. Zipora alikuwa ameishi na tabia hiyo miaka ishirini na miwili na kuizoea kama mtu anavyozoea goti bovu, lakini leo alimtazama akaona anamchukia.

"Sikiliza," Methusela alisema, akasogea karibu na kupunguza sauti. "Uwesu mwenyewe, kwenye benchi lile lile, nilimsikia kwa masikio yangu. Alisema asiyejua hana dhambi. Wale watu wanakuja, watakula, watashukuru, watapanda basi lao. Hawana dhambi. Sasa wewe unataka kwenda kuwatia uchungu mjane na wageni siku ya arobaini, ili iweje?"

"Alisema asiyejua. Mimi najua."

"Ukitoa neno leo, kesho hakuna lori litakalosimama hapa. Habari hii itafika Iringa kabla ya basi la saa sita. Tutakula nini? Tumsifu atakula nini?"

Zipora aliposikia jina la binti yake alikumbuka sahani. Aligeuka. Tumsifu alikuwa mlangoni, amesimama muda wote, mikono mdomoni.

"Yule samaki," Zipora alisema. "Alimla?"

"Alipokea, mama. Alisema asante. Sikukaa."

Saa nzima ilikuwa imepita. Zipora alivua aproni.

"Basi kama lazima uende," Methusela alisema nyuma yake, na sauti yake sasa ilikuwa ya kubembeleza, "sema wameharibika. Sema mafuta yaliungua. Sema lolote, watakula maharage, hakuna atakayekufa. Lakini lile neno usilitaje."

Njia ya kwenda kwa Sikudhani si ndefu, unapita mashine ya kusaga, unapita msikiti, umefika. Zipora aliona ni ndefu kuliko ya Dodoma. Upepo wa bwawani ulikuwa unampiga mchanga usoni na hakuufuta. Sikudhani ndiye aliyekaa naye kwenye uchungu siku Zipora alipomzaa mtoto wa pili ambaye hakuishi. Sikudhani ndiye aliyemwosha mgongo. Zipora alitembea akijisemea: wameharibika, mafuta yaliungua, wameharibika. Aliona ni uongo mdogo. Unamvunjia yeye jina la upishi, basi, na wengine wote wanabaki salama. Kufikia msikitini alikuwa ameshaukubali, na hilo lilimuuma baadaye kuliko yote, kwamba ulimchukua dakika chache tu.

Uani wanawake walikuwa wanapepeta mchele. Bi Munira alikuwa katikati ya mkeka, mwembamba, wima, tasbihi mkononi.

"Shikamoo, Bi Munira."

"Marahaba. Samaki wako wapi?"

"Naomba nimwone Sikudhani kwanza."

"Samaki hawahitaji ruhusa ya Sikudhani. Wageni wako njiani."

"Dakika moja tu, mama yangu."

Bi Munira alimkata jicho kuanzia kilemba hadi kandambili, akarudi kwenye tasbihi yake.

Sikudhani alikuwa chumbani, amekaa kwenye mkeka amevaa nguo nyeupe, amekonda shingo. Msahafu ulikuwa kwenye mto. Na kwenye kigoda, karibu na goti lake, ile sahani. Kawa limefunika. Zipora aliitazama akashindwa kujua kama chini yake kuna samaki au kuna mifupa.

"Karibu, Mama Tumsifu. Mbona umekauka hivyo? Kaa."

Zipora alikaa. "Sikudhani, ndugu yangu, kumeharibika. Samaki. Mafuta yaliungua, na samaki wenyewe naona walilala. Hawafai. Nimekuja kukwambia mapema mbadilishe chakula."

Sikudhani alimtazama. Kisha akacheka kidogo, kile kicheko cha mtu aliyelia siku nyingi. "Wewe samaki wakulalie? Wewe?" Alinyoosha mkono akaondoa kawa. Samaki alikuwa mzima, hajaguswa, bado anang'aa. "Mbona huyu ananukia vizuri? Nilikuwa namsubiria. Nilisema nimalize kwanza Yasini yangu, ndipo nile nimetulia. Tumsifu kaniambia ni wa kwanza." Akamega pale mgongoni, penye nyama nene, mahali Uwesu alipokuwa akianzia siku zote. "Kama wenzake wako hivi, basi umeanza kujitafutia makosa kwa sababu ya kumwogopa wifi yangu."

Mkono ulikuwa umefika kidevuni Zipora alipoudaka.

Aliudaka kwa nguvu, kwenye kifundo, mpaka vidole vikaacha alama. Kipande cha samaki kilianguka mkekani. Walibaki hivyo, mmoja ameshika mwenzake, nje wanawake wanapepeta mchele.

"Usile," Zipora alisema. "Karai limekaanga nguruwe. Jana. Tuliliazimisha kwenye kipaimara, sikuuliza, Methusela alijua, mimi nimejua sasa hivi baada ya kumaliza wote. Lilioshwa kwa mchanga lakini lilikaanga nguruwe."

Sikudhani alitoa mkono wake kwenye mkono wa Zipora, akaziangalia zile ncha za vidole zenye mafuta, akaziweka mbali na nguo yake kana kwamba si zake.

"Niletee maji," alisema. "Na udongo. Udongo safi, chimba chini kidogo."

Zipora alitoka kwa mlango wa nyuma, akachimba kwa kucha chini ya ukuta, akarudi na konzi ya udongo kwenye kifuniko cha sufuria na birika la maji. Sikudhani alisugua vidole kwa udongo ule na maji, Zipora akimmiminia. Kisha maji matupu. Sikudhani alikuwa akihesabu bila sauti, midomo ikicheza, na kila akiinua uso kidogo Zipora anamimina tena. Mara saba, kama dini yao inavyotaka kwa kilichogusa nguruwe. Maji mengine yakamwagika mkekani, hakuna aliyeyajali.

"La karai ni bahati mbaya," Sikudhani alisema mwishoni, akijifuta. "Naweza kulimeza. Lakini umeingia chumbani kwangu, umekaa kwenye mkeka wangu, ukafungua mdomo ukaanza na uongo. Wewe, Zipora." Hakuwahi kumwita kwa jina lake. "Kama nisingemega huyu samaki ungeondoka umeniachia uongo wako, na mimi ningekupa pole."

Zipora alitaka kusema kwamba si hivyo. Lakini ilikuwa ni hivyo hivyo.

Mlango ulikuwa wazi nusu. Bi Munira alikuwa amesimama pale, na kwa jinsi tasbihi ilivyokuwa imetulia mkononi mwake, alikuwa amesimama muda. Hakumtazama Zipora. Aligeuka, na sauti yake ikasikika uani, kavu, "Wekeni maharage motoni. Samaki hakuna." Mtu akauliza kwa nini. "Nimesema hakuna."

"Nenda, Mama Tumsifu," Sikudhani alisema. "Wageni wanakuja."

Zipora alibeba ile sahani na kawa lake na kile kipande kilichoanguka, akarudi.

Samaki sitini walikwenda kwa Castory, na ukoo wake waliwala siku mbili bila kumuuliza mtu chochote. Methusela alipoona mkewe anayamwaga mafuta shimoni, dumu zima, aliweka shoka chini. Halafu akachukua kasia na wavu na kushuka bwawani, saa sita mchana jua la kuchemsha ubongo, saa ambayo hakuna mvuvi anayeingia majini.

Lori la kwanza lilisimama saa saba. Dereva, Masudi, kijana wa Kondoa mwenye utani mwingi, aliruka chini akaita kama siku zote, "Mama, leta yule mwenye tumbo." Zipora alitoka barazani. Angeweza kumwambia samaki wameisha. Neno lenyewe lilikuwa tayari mdomoni, laini kabisa.

"Leo hakuna," alisema. "Karai langu lilitumika kupikia nguruwe jana. Ninaliosha."

Utani ulimtoka Masudi usoni. Alimwangalia, akaangalia mlango wa jikoni, akatikisa kichwa polepole, akapanda lori lake. Hakupiga honi ya kuaga. Tumsifu alikaa kwenye meza ya mwisho akaanza kulia, Zipora akaenda kuweka maji motoni. Basi dogo la Kondoa lilipita kuelekea kwa Sikudhani, limejaa watu wenye kanzu na mitandio, na wote walikuwa wanatazama mbele.

Alasiri alilitoa karai nje, kwenye uwazi mbele ya mgahawa. Angeweza kuoshea nyuma, penye kivuli, lakini alilitoa mbele. Alikuwa amelichemsha kwa maji na majivu mpaka mafuta yote yakatoka. Sasa alikuwa na ndoo za maji na beseni la udongo aliouchimba mwenyewe. Alianza na udongo, kama alivyoona asubuhi. Akasuuza. Akasuuza tena. Wapita njia walipunguza mwendo. Mama mmoja wa kanisani alimwambia, "Mwenzangu, mbona unajiaibisha hivi, si ungenunua jingine?" Zipora aliendelea kumimina.

"Ya ngapi hiyo?"

Aliinua kichwa. Bi Munira alikuwa amesimama juu yake, buibui limefungwa vizuri, pochi mkononi, tayari kwa safari. Nyuma kabisa, karibu na msikiti, basi lilikuwa linawasubiri watu.

"Ya saba, mama."

"Ya udongo ilikuwa ya ngapi?"

"Ya kwanza."

"Nani kaona?"

Zipora alitua ndoo.

"Osha tena," alisema Bi Munira. "Mimi sijaona."

Basi Zipora aliosha tena. Kiuno kilikuwa kinamuuma, vidole vimechubuka, na hasira ilimpanda mara moja, akaimeza. Udongo, akasugua ndani, akasugua nje, akasugua masikio ya karai. Maji. Bi Munira alihesabu kwa sauti, kila mara, kama mwalimu, na watu sasa walikuwa wamesimama kabisa kutazama. Walipofika saba, Zipora aliliinua karai juani maji yadondoke.

"Na mwiko?"

Zipora aliduwaa. Ule mwiko wa matundu, aliouleta Castory asubuhi, ulikuwa bado juu ya meza pale pale alipouweka. Tangu asubuhi alikuwa ameupita mara ishirini. Aliuchukua, akapiga magoti, akauosha, tundu kwa tundu, mara saba.

Bi Munira alipanda barazani, akaangalia viti vyote vya plastiki, akaviacha. "Mdogo wangu alikuwa anakaa wapi?"

"Kwenye benchi hilo."

Akakaa. Akaweka pochi mapajani, akaitazama barabara. "Miaka kumi na nne nilimwambia Uwesu, yule mama siku moja atakulisha haramu. Kila alipokuja Kondoa nilimwambia. Leo ulikuwa na nafasi, na sisi tusingejua mpaka tunaingia kaburini." Aligeuza pochi mapajani. "Kwetu kuna watu wa safu ya mbele msikitini ambao wangenyamaza. Una samaki?"

"Sina, mama. Wote wametoka."

"Baba anao," alisema Tumsifu.

Methusela alikuwa amesimama kwenye kona ya nyumba, suruali imelowa mpaka mapajani, uso umeungua na jua. Mkononi alikuwa na perege watatu kwenye kamba, wadogo, hakuna hata mmoja wa kujivunia. Aliwaweka mbele ya mkewe bila kumtazama machoni. "Ndio waliopatikana," alisema.

Zipora alifungua chupa mpya ya mafuta. Alipara wale samaki akisikia mlio wa honi ya basi kutoka msikitini, mara ya kwanza, mara ya pili, na Bi Munira hakujisogeza hata kidogo. Samaki wa kwanza alipotoka, alimweka kwenye sahani akampelekea mwenyewe.

Bi Munira alinawa, akasema Bismillahi, akamega upande mmoja. Alikula taratibu. Basi lilikuja likasimama pale pale mbele, watu wa Kondoa wakamwona bibi yao kupitia madirishani, dereva akazima injini. Alikula upande ule wote mpaka mifupa ikaonekana, kisha akamgeuza samaki. Upande wa pili ulikuwa haujaguswa.

"Huu ni wa Sikudhani," alisema akisimama. "Yeye hawezi kutoka. Usimtume mtoto, peleka mwenyewe." Akanawa, akapanda basi lake, na hakuaga, maana si mtu wa kuaga.

Zipora alifika kwa Sikudhani jua linaanza kushuka. Uani wanawake walikuwa wanaosha sufuria. Alipita moja kwa moja, akakaa kwenye mkeka ule ule, akaweka sahani sakafuni, na safari hii hakuanza kusema.

Sikudhani aliifunua. Alimtazama yule samaki nusu kwa muda mrefu.

"Nusu yake nyingine kaila nani?"

"Bi Munira. Kwenye benchi. Mbele ya basi zima."

Sikudhani alifunika mdomo kwa mkono. Mabega yalimtikisika, na Zipora hakujua kama anacheka au analia, labda yeye mwenyewe hakujua. Alipotulia alisogeza sahani karibu, akamega kipande, akakishika hewani kati yao.

"Sema mwenyewe," alisema. "Nile?"

Zipora aliona mkono ule, kifundo kile kikiwa bado na alama nyekundu ya vidole vyake.

"Kula, ndugu yangu," alisema.

Sikudhani akala.

Masudi alirudi kusimama baada ya wiki tatu, bila utani. Wengine hawakurudi mpaka leo, wanapita tu, na Zipora anayajua malori yao kwa rangi. Karai halijaazimwa tena. Akija ndugu kuomba, Zipora anamuuliza mtapika nini, kwa sauti, mbele ya mumewe, na wanaokasirika wanakasirika.